Makofi ya Baba

Pa! Pa! Pa! Mama, hayo ndiyo makofi yaliyoniamsha leo. Nilidhani unampiga Baba kwa kula samaki wa chumvi aliyekatazwa, nikaingia na mwiko kuamua ugomvi. Kumbe unamfundisha kujipigapiga mikono, lile zoezi la kuzuia kiharusi mnalofundishwa na Daktari Pyo wa tiba za jadi pale kituo cha afya.

Supu ya soya iko jikoni. Nimepunguza chumvi, usiongeze! Kimchi, ile kabichi ya chumvi na pilipili, kidogo tu. Na Baba asisahau vidonge vyake vya presha.

Umecheka mpaka ukakaa chini. "Mshairi wangu, na hilo litungie shairi!" Imeniuma, Mama. Lakini Baba ameona aibu kuliko mimi. Amejifungia chooni, eti haendi darasani kuchezeshwa na mabibi. Baba Mkubwa naye alikataa hivyohivyo. Leo mdomo umepinda, analishwa kwa kijiko.

~~Leo sirudi kula.~~ Nikitoka karakana kwa mapumziko ya saa nne asubuhi, nakuja moja kwa moja kituoni. Mlete.

Nimeshamwahidi kwa sauti, mdomo kwenye mlango wa choo: "Baba, toka twende! Nitasimama kando yako, mstari wa mbele, na nitajipiga makofi kuwashinda mabibi wote!"

Mwanao, mwenye mwiko