Makofi Yale ya Ukumbini

Wifi yangu Minza,

Nakuandikia waziwazi kwa sababu simu yako haipatikani na sijui uliko. Mmoja anasema uko Isaka unawapikia madereva wa malori, mwingine anaapa alikuona Kahama sokoni. Labda barua hii itamfikia mtu anayekujua, akusomee.

Nakukumbuka ulivyoingia kwetu, umeolewa na kaka yangu Masanja. Hata wiki haijaisha ukanitania kwamba uji wangu unafaa kuziba ufa wa ukuta. Nilikupenda hapo hapo. Tulienda pamoja mwaloni kuosha mchanga wa marudio, tukitafuta dhahabu waliyoiacha wenye mashimo. Wewe ulikuwa unaimba, mimi nalalamikia mgongo.

Yalipokuja mafunzo ya usalama wa wanawake pale ukumbi wa kata, mimi ndiye niliyekuandikisha. Ulikuwa huna hamu. Nikakubembeleza, nikasema kuna soda.

Unakumbuka lile igizo? Mwezeshaji alitupanga wawili wawili. Mimi nikawa mshauri, wewe ukapewa karatasi ya binti anayeitwa Rehema, aliyebakwa akitoka sokoni. Ukaisoma, ukaiweka mapajani, hukuitazama tena. Ukaanza kusimulia njia ya nyuma ya karasha, jinsi mashine ile inavyosaga mawe kwa kelele hata mtu akipiga yowe halisikiki. Ukasema mikono ya huyo mwanaume ilinuka dizeli. Ukasema ulibeba mfuko wako wa marudio hadi nyumbani, kwa sababu watu walikuwa wanakusubiri upike.

Kwenye karatasi hapakuwa na karasha wala dizeli. Nikaikumbuka jioni uliyorudi bila kanga, ukasema imechanwa na miiba.

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Mtu akapaza sauti, "Huyu apelekwe kwenye televisheni!" Mwezeshaji naye akapiga makofi, kisha akaniambia, "Mshauri, endelea." Nikasema nilichofundishwa: "Nakuamini."

Wakati wa soda ukanivuta pembeni.

"Wifi, ulisema vile kwa ajili ya igizo?"

"Siyo kwa igizo."

"Basi inatosha," ukasema, ukanywa soda yako yote. Sijawahi kukuona umetulia kama siku ile.

Lakini hatukuwa peke yetu mle ukumbini. Wanawake wengine nao waliijua ile njia, waliijua habari ya kanga yako, wakaunganisha. Masanja alizipata habari akiwa bado shimoni. Aliporudi hakuuliza ni nani aliyekufanyia. Aliuliza, "Kwa nini umeyasema mbele za watu?" Wazee wakakaa, ng'ombe wa mahari wakarudishwa kwetu, nawe ukaondoka. Nilisimama mbele yao nikawaambia kosa halikuwa lako, neno kwa neno kama tulivyofundishwa. Baba akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Hayo ni ya ukumbini, mwanangu."

Nilimtafuta mwezeshaji. Alilia, maskini, akanipa namba ya simu. Mradi wao ukaisha, ile namba haiiti tena, na chumba cha ushauri pale zahanati kimejazwa vyandarua. Nikaenda polisi, dawati la jinsia. Askari wa kike alinisikiliza vizuri sana, akasema anahitaji uje mwenyewe. Ningekutoa wapi?

Hukumtaja mtu. Basi kila mwanaume anayenisalimia karashani namtazama mikono kwanza.

Fulana ya mafunzo ninayo, imeandikwa Paza Sauti. Kwa fulana hiyo wanawake wa mwaloni wananiona mimi ni mtu wa kuendewa. Mwezi uliopita alikuja binti mmoja, akakaa jikoni kwangu akichezea ncha ya kitenge. "Dada, nikisema, itakuwaje?" Nilitaka kumdanganya nikashindwa. Nikamwambia namwamini, nikamwambia na yaliyokupata wewe. Akanywa chai, akashukuru, akaondoka, na hajarudi. Nina hasira, wifi, na sina pa kuipeleka. Zamani nilidhani tatizo ni kwamba watu hawasemi.

Masanja ameoa tena. Ni mwanamke mpole, simchukii. Mwanao Kabula analala kwangu. Anakula vizuri na ameng'oka meno ya mbele. Mwanzoni alikuwa anakimbilia barabarani kila basi la Kahama likisimama. Siku hizi likipita hata hageuki.

Juzi nilikuwa namsuka nje, nikamvuta nywele nikamuumiza. Akapiga kelele, "Mayu!" Hivyo ndivyo alivyokuwa anakuita wewe. Nikasubiri ajisahihishe aseme shangazi, hakujisahihisha. Nikaendelea kusuka.

Popote ulipo, ukae salama.

Ni mimi, wifi yako, ingawa ng'ombe wamerudi.