Kilima cha Rwegasira

Jumanne, Buhongwa

Mbavu bado zinaniuma kwa kucheka, na kazi yenyewe haijaisha. Rwegasira, mpima mwenzangu kutoka Bukoba, leo kanipa hesabu ya udongo tutakaochonga upande wa juu wa kiwanja cha zahanati. Ndio tunaoutegemea kujazia upande wa chini, na ulikuwa mwingi ajabu.

"Kaka, udongo wote huu umeutoa wapi?"

"Kwenye kile kilima, dada."

Tukaenda na sururu. Pigo la kwanza tu, ikalia ngaa. Kilima chake ni jiwe lililoota nyasi mgongoni, kubwa kuliko nyumba. Kwao ukichimba shimo la mgomba unakuta udongo mpaka uchoke. Hapa Mwanza hata shimo la choo lina jiwe linalokusubiri.

Sasa kifusi hakitoshi, na kesho mganga wa zahanati anataka jibu. Hilo linaninyima usingizi.

Nilimcheka njia nzima tukirudi. Tulipofika Mkolani akasema kwa upole, "Ila jana tulipokaa pale kula mihogo, wewe mtoto wa Mwanza ndiye uliyesema kilima kile kitatuokoa."