Kufuli la Kijani

"Mama Pacha, unakuza mambo!" Bosi bado anabweka huko nje. Nimejifungia stoo nakuandikia.

Mimi ndiyo nakuza mambo! Mimi!

Ile programu yetu ya kuwapelekea wagonjwa majibu ya vipimo, ndani yake kuna kipande ambacho mafundi wanakiita maktaba. Si ya vitabu, ni ya kufunga siri. Ichukulie kama mlango mmoja unaokubali vitasa tofauti: simu hii kitasa hiki, kompyuta ile kitasa kile. Unachomoa, unachomeka.

Sasa mafundi walitengeneza kitasa cha majaribio. Hakifungi kitu! Kinapokea maneno na kuyatoa vilevile. Wakasahau kukiondoa.

Leo nikaijaribu programu kwenye simu za bei ya chini. Kitasa cha kweli kikagoma, programu ikajichukulia kile cha bandia, kimyakimya, na kufuli la kijani, ile alama ya kwamba siri imefungwa, likawaka kwenye kioo. Mwenzangu, nimesoma majibu ya mtu kama gazeti.

Fundi mkuu anakuna kichwa: "Lakini mama, kufuli si lilikuwa la kijani?"

La kijani!

Yaliyokwishatumwa hayarudi. Nani kayaona, hatujui. Bosi naye: "Rekebisheni, na asiambiwe mgonjwa hata mmoja. Atakayefungua mdomo hana kazi."

Simu yako ni ya aina hiyohiyo, dada. Majibu yako ya juzi yalipita wazi.

Haya. Mgonjwa wa kwanza ameshaambiwa.