Chupa Mbili za Mkojo

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, tena si peke yako. Huku tunapumua. Shemeji yako goti linamsumbua, mdomo hausumbuki hata kidogo, analalamika kutwa. Mimi niko na cherehani yangu, ila tangu juzi nashona nikifumua.

Barua yako niliisoma nikiwa nampima mteja. Umeandika mambo ya wajukuu ukurasa mzima, halafu chini kabisa ukaongeza kwamba kuna kitu kigumu kwenye titi la kushoto, kama punje ya hindi, hakiumi, na huna wasiwasi kwa sababu ulishapimwa mkojo ukaambiwa uko salama. Utepe wa kupimia ukanidondoka.

Unaikumbuka siku ile? Mwaka juzi, watafiti walipotuomba sisi tuliokwisha kukoma hedhi tupeleke mkojo wa asubuhi. Nesi alitueleza kwamba hata hedhi ikikoma, mwili bado unatengeneza homoni ya kike kidogo kidogo, hasa kwenye mafuta, kisha unaivunjavunja na mabaki yanatoka na mkojo. Walitaka kujua kama mabaki hayo yana uhusiano na kansa ya matiti. Ukacheka, ukasema kumbe uzeeni hata mkojo una kazi. Miguu ilikuwa imekuvimba, ukanipa chupa yako niipeleke pamoja na yangu, ukanionya nisifanye ujinga njiani.

Majibu yalipotoka yalilingana mpaka nesi akatutania kwamba sisi ni ndugu wa damu na wa mkojo. Alisema homoni zetu ziko chini, lakini akasisitiza kuwa hicho ni kipimo cha utafiti tu, hakimwambii mtu kama ana kansa au hana, na matiti tuendelee kuyapima. Mimi nilikwenda. Wewe ulisema ya nini kubanwa titi na mashine wakati karatasi unayo. Ukaibandika ukutani.

Dada, karatasi ile si yako. Chupa yako ilimwagikia mkobani kabla sijafika, kifuniko sikukikaza. Nikaona jinsi utakavyonisema, kama ulivyonisema tangu utoto, kwamba nikitumwa chumvi naleta mchanga. Nikaingia chooni pale zahanati, nikaisuuza, nikamimina humo nusu ya mkojo wangu. Wallahi nilidhani ni jambo dogo. Mnaniita Domokaya, siri ya mtu hainikai tumboni, na hii moja nimeikalia miaka miwili. Naogopa, Dada. Naogopa sana, na nina aibu.

Nimekupigia simu mara tatu nikaishia kukuuliza kama mvua imenyesha. Kwa hiyo barua hii anakuletea binti yangu mkubwa, leo hii, na nimemwambia asirudi hapa mpaka daktari awe amelishika titi hilo. Usibishane naye. Labda si kitu, Mungu atusaidie isiwe kitu. Nami nakuja Jumamosi, unitukane mpaka uchoke, sitajibu neno.

Nisalimie wajukuu. Na karatasi ile ing'oe ukutani kabla hujavaa viatu.

Mdogo wako,
Domokaya