Uzi Mwekundu wa Mama

Hospitalini, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mama. Naomba Mungu barua hii ikukute huko Mtwara magoti yamepoa na kikohozi kimekuacha. Zainabo anayekusomea nampa salamu zake, ila kwanza afunge mlango, asome polepole, wala asiruke neno hata likimchoma. Mimi mwanao ni mzima, uchovu tu. Nimechoka, mama, mpaka kope zinauma.

Latifo bado yuko hai. Naanza na hilo ili moyo wako utulie. Unajua kazi za gesi ziliposimama alirudi kijijini Mbau kulima muhogo, na huko njiani risasi ya vita hivi ikamkuta. Ilimwingia upande wa kulia chini ya kiuno, ikavunja kichwa cha mfupa wa paja, pale kwenye nyonga. Walimfikisha hapa siku ya pili, wamemlaza juu ya mlango uliong'olewa, na zamu ya chumba cha upasuaji ilikuwa yangu. Custódio, mpasuaji wetu, alitaka nitoke kwa kuwa ni ndugu yangu. Nikakataa, maana hapakuwa na mwingine wa kumpa vifaa.

Risasi ikatolewa, vipande vya mfupa vikaokotwa, kidonda kikaoshwa. Tukashukuru. Siku ya sita homa ikapanda na usaha ukaanza kutoka. Akafunguliwa tena, akaoshwa kwa chupa nyingi za maji ya chumvi, lakini homa haikushuka. Kila asubuhi Custódio aliinua picha ya eksirei dirishani, akasema haoni kilichobaki ndani. Mara ya tatu ikabidi kichwa chote cha mfupa kitolewe. Atatembea kwa magongo, mguu mmoja ukiwa mfupi kwa upana wa vidole vinne vya mkono. Nimepima mwenyewe.

Wiki iliyopita kwenye simu ulifurahi, ukasema ni ile hirizi yako uliyomfunga kiunoni iliyomwokoa, na kwamba majirani wote umeshawaambia. Ukataka niitume, umfunge mdogo wetu Adamo, kwani naye anarudi Mbau mwezi ujao. Nikakata simu, ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika.

Hirizi haikumwokoa, mama. Risasi iliipiga pale ilipolala, ikaisukuma ndani kabisa ya nyonga. Ile ngozi uliyoishonea haionekani kwenye eksirei. Mara ile ya tatu ndipo Custódio alipoivuta nyuma ya mfupa, imeoza, inanuka, akaiweka kwenye bakuli nililoshika. Ilikuwa imeshonwa kwa uzi wako mwekundu.

Wewe huna kosa, ulimfunga kwa mapenzi. Kosa ni langu. Siku ya kwanza, kabla hajamkata, Custódio aliniuliza, "Alikuwa amevaa chochote kiunoni?" Nilijua. Nilikuwepo ulipomfunga, na alama ya kamba niliiona kwenye ngozi yake. Lakini mimi ndiye ninayewacheka wagonjwa na hirizi zao, ndiye ninayewavua mbele ya wenzangu. Niliona aibu kwamba na sisi tumo. Nikamjibu, "Hakuna." Angejua, angeitafuta siku ileile. Na alipoitoa akauliza ni kitu gani, nikasema huenda ni kipande cha mkanda.

Latifo anadhani ilidondoka njiani. Jana aliniomba nikushukuru kwa kumfunga, akasema bila hiyo angekufa. Nilikwenda stoo ya mashuka nikalia, kisha nikanawa uso nikarudi kazini.

Kesho nitamwambia Custódio, halafu nimwambie Latifo mwenyewe. Wewe nimekutanguliza kwa sababu ya Adamo. Usimfunge, mama. Na kama bado anakusikiliza, mzuie asiende.

Msalimie yeye, na majirani wote wanaoniulizia, pamoja na hao uliowaambia habari ya hirizi. Magoti uyakande kwa maji ya moto kila jioni, usisahau. Naomba radhi yako. Kama leo huna ya kunipa, iweke, nami nitaisubiri.

Ni mimi mwanao,
Somoe