Aliyevunja Ndiye Ashike

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe, shemeji na watoto. Huku tu wazima; mama anagombana na magoti yake, shangazi anagombana na kila mtu. Bega lako je? Naliulizia kwa sababu maalumu, na sitazunguka: nadai kwamba kitu kilichovunjwa kwa hasira hakiponi mpaka kishikwe na mikono ileile iliyokivunja. Utacheka. Mimi pia nilicheka, tena kwa hoja.

Tangu nihitimu nafanya kazi katika karakana ya shangazi ya kutengeneza samani. Siku ya kwanza aliniuliza kama chuoni tulifundishwa kushika randa. Nilipojibu kwamba tulifundishwa kufikiri, akasema basi nifikiri huku nafagia. Kanuni yake ni moja: kilichovunjwa kwa ugomvi, mvunjaji aje mwenyewe, akamate kiungo hadi gundi ikauke, na asiseme neno.

Mwezi uliopita walikuja wachinjaji wawili, mtu na mdogo wake, wakiwa bado wanatukanana. Mkubwa alikuwa amempasua mwenzake kwa stuli. Nyusi ilining'inia, damu imejaa shingoni. Shangazi alimkalisha mkubwa, akamkabidhi mguu wa stuli uliochomoka. Haikupita nusu saa, nyusi ya mdogo ikajifunga mbele ya macho yangu, na ya mkubwa ikapasuka palepale, bila kuguswa. Akavumilia. Walipoondoka, mdogo alikuwa amemshika mkono kaka yake, akimwita ‘mzee mzima, ovyo!’ kwa upole. Nilimweleza shangazi kwamba macho hudanganya na damu ina tabia zake. Alisema nikimaliza kufikiri nipige deki.

Kisha, Alhamisi iliyopita, akaniwekea mbele kile kiti cha buluu cha mama. Mama alikishika mara tatu kwa niaba yako, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuzaa, na mara tatu kiungo kikaachia. Shangazi hakuniuliza kitu. Alinipa mguu wa kiti, akaenda kunywa chai yake.

Kaka, wote wanaamini kwamba ulilewa, ukakivunja kiti ukutani, ukaliangukia bega lako. Habari hiyo niliitunga mimi, nikaipangia ushahidi, nao wakaniamini kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba. Ukafukuzwa nyumbani. Ukweli ni kwamba nilikupiga nacho ukiwa umenipa mgongo. Pigo la kwanza, kwa sababu ulisema nimesoma kila kitu isipokuwa kusalimia watu. La pili na la tatu, kwa sababu nilisikia mfupa ukivunjika, nikaogopa utageuka.

Nilikishika. Saa nne asubuhi bega langu likaalika kama kuni kavu. Nikapiga magoti kwenye vumbi la mbao, nikatapika, sikuachia. Gundi imekamata. Naandika kwa mkono wa kushoto, uniwie radhi kwa mwandiko.

Sasa hoja iko kwako. Sitaki barua, barua hufichwa kwenye droo ya meza, nami nilidanganya mbele ya watu. Njoo Jumamosi, usimame mlangoni pa karakana mbele ya mama, shangazi na majirani. Inua mkono wako wa kulia juu ya kichwa, kama bega limepona na mkono unainuka, kisha useme nilichokutendea, pigo kwa pigo. Sitakukatiza.

Wabusu watoto. Nakungoja unijibu hadharani.

Mdogo wako,
Mbishi