Shikamoo Ndani ya Miwani

Mama,

Shikamoo. Nimeliandika neno hili nikabaki nalitazama, maana tangu tulipokulaza Goweko kando ya Baba, sina wa kumwamkia humu nyumbani.

Unakumbuka wale watu wa video walivyokuja na ile kamera kurekodi adabu zetu, kwa ajili ya wageni ninaowafundisha Kiswahili? Waliisimamisha hapa sebuleni Kanyenye, wakakwambia uihesabu kama mgeni. Wewe ukaiwekea kikombe cha chai. Fundi wao akacheka, ukamkaripia, "Mgeni kwangu akae mdomo mkavu?" Chai ikapoa pale, nikainywa mimi.

Sasa wanafunzi hawaji tena. Kila mmoja yuko kwao ng'ambo, anavaa miwani mikubwa ya kufunika macho, akigeuza kichwa sebule yetu yote imemzunguka, nawe umekaa kwenye kiti chako. Wanakuamkia, unawaitikia. Wananiandikia kwamba una ukarimu sana. Hawajui kwamba umefariki, na mimi sina ulimi wa kuwaambia.

Jana niliivaa miwani hiyo mwenyewe. Ee Mama, ulikuwepo! Kitenge chako cha njano, na kile kikohozi. Magoti yakaenda chini yenyewe, kama ulivyonizoesha tangu utotoni, nisiinuke kabla hujaitika. Lakini humo ndani nilibaki nimesimama. Magoti yangu yako sakafuni, na bado nakuona kutoka juu, pale walipoiweka kamera, nimekusimamia kichwani kama binti asiyelelewa.

"Marahaba," ukasema. "Habari za nyumbani?" Ukanyamaza, unangoja jibu.

Nikakwambia. Kwamba nyumba imekuwa pango, kwamba sioni sababu ya kuwasha jiko kwa ajili ya mtu mmoja, kwamba nimechoka, Mama, nimechoka mno.

Ukatabasamu. "Tumshukuru Mungu. Karibu chai."

Nililia mpaka vioo vikaingia ukungu, nisikuone tena. Wageni wote wanakupata. Mimi niliyetoka tumboni mwako ndiye niliyekukosa, na sitaivaa tena.

Lala, Mama. Jumamosi nakuja Goweko, nakuahidi, na chai yako kwenye chupa. Nitapiga magoti kwenye udongo wako nikuamkie. Ila ulinikataza kuinuka kabla hujaitika, na sijui huko nitainukaje.

Mwanao,
Kalunde